Mstari Niliouhama

Ng'ombe wote waliochinjwa nyumbani kwetu Kishanda walikufa wakitazama Bukoba. Baba yangu alipenda kusema hivyo mbele ya wageni, kisha anacheka mwenyewe kabla hawajaelewa. Maana yake ilikuwa rahisi. Sisi ni Wakatoliki tangu enzi za babu, na baba alikuwa katekista kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, lakini hakuna mnyama aliyeangushwa uani kwetu bila kuchinjwa na Mwislamu. Mwislamu huyo alimgeuza kila mnyama aelekee kibla, na kibla kwetu Muleba ni upande wa kaskazini, njia ya Bukoba. Ndiyo desturi ya vijijini kwetu. Ukiwa na ubatizo, kipaimara, harusi au msiba, unamwita jirani Mwislamu akuchinjie, ili yeyote atakayeingia ale bila kuuliza.

Kwenye kitongoji chetu jirani huyo alikuwa mmoja tu. Kabla yake alikuwa baba yake, na kabla ya hapo babu yake, ambaye alitoka pwani kununua kahawa, akaoa binti wa Kihaya, akajenga karibu na senta na hakurudi alikotoka. Mjukuu alikuwa mweupe kidogo kuliko sisi, na nywele zake zililala. Basi, hayo tu. Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu, maana mimi niliharibiwa na shule. Migomba yake ilibeba kuliko ya kwetu. Hata hivyo tangu akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi aliitwa Mwarabu, wanawe wakaitwa watoto wa Mwarabu, na mimi niliyewafundisha hesabu niliwaita hivyo hivyo tukiwa ofisini na walimu wenzangu. Tulikuwa tukisema hatuna ubaya.

Nilirudi kuishi na baba baada ya mama kufariki na macho ya baba kuzimika. Ilikuwa presha ya macho. Tulimpeleka Bukoba tukiwa tumekwisha kuchelewa. Daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili, akazima tochi na kuanza kumuuliza baba habari za shamba, nikajua. Baba hakulalamika. Alichokataa ni kuvutwa mkono. Alisema anayevutwa ni mbuzi. Kwa hiyo tulipokwenda popote yeye alitangulia na fimbo yake, nami nikafuata nyuma nikiwa nimeweka mkono begani kwake, nikimbonyeza kidogo kulia au kushoto. Kanisani tulikwenda hivyo, msibani hivyo, hata kisimani alipotaka tu kusikia maji.

Mwaka ule wa uchaguzi wa vitongoji, mchinjaji wetu alikuja nyumbani mchana mmoja akiwa amevaa koti, nikajua si habari ya mnyama. Nilimletea kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna tunayompa mgeni, akachukua punje mbili akazishika tu. Alimwita baba Tata, kama sisi watoto wake.

"Tata, nataka kugombea uenyekiti wa kitongoji," alisema.

Baba alitafuna kwanza. "Cheo hicho kina ugomvi mwingi kuliko heshima. Unakitakia nini?"

"Mimi nimewachinjia maisha yangu yote. Mnanipa shingo ya ng'ombe, mnanishukuru, naondoka. Sasa binti yangu amepata nafasi chuo cha uuguzi, anahitaji barua ya utambulisho ili apate kitambulisho. Mwenyekiti aliyepo anamwambia alete kwanza karatasi za babu yake. Babu yake amezikwa pale nyuma ya nyumba, Tata, na wewe ulikuwepo. Karatasi gani? Nataka mara moja tu watu wasimame wahesabiwe, nijue kama mimi ni mtu wa hapa au ni mgeni mwenye kisu."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Baba alinyoosha mkono hewani akautafuta mkono wake, akaupata.

"Mimi na mwalimu tutasimama na wewe," alisema. Mwalimu ni mimi. Nilikuwa nimeshika birika la chai, nikasema ndiyo, tutasimama. Hakuna aliyenilazimisha.

Nami nilikuwa katibu wa jumuiya. Asiyejua jumuiya zetu ndogo ndogo za Kikristo aelewe hivi: ni nyumba kumi na kitu za majirani wanaosali pamoja kila wiki, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Wanakuletea kuni ukiugua na wanalala kwako ukifiwa. Mwenyekiti wetu alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo. Simsemi vibaya. Msiba wa mama yangu alilala kwetu kwenye nyasi za matanga zilizotandikwa sakafuni siku zote nne na hakuvua viatu vyake vya mvua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akienda kuteka maji. Watu wa namna hiyo ndio wanaokushinda, maana huwezi kuwachukia.

Wiki hiyo baada ya rozari alisema, "Jamani, mwenzetu amejitokeza." Mwenzetu alikuwa mwimba besi wa kwaya yetu, mtu mpole, mpenzi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ambaye sikuwahi kumsikia akiwa na wazo. Hakuna aliyesema anafaa kwa lolote. Walisema ni mwenzetu. Mwingine akasema Mwarabu akishika muhuri ataleta watu wake wachukue vibanja, mashamba yetu ya migomba. Hapo nilipaswa kuuliza watu wake ni akina nani, kwa sababu watu wake wote duniani niliowajua wangeenea kwenye mkeka mmoja na nafasi ikabaki. Sikuuliza. Waliponiuliza mimi katibu naonaje, nilisema, "Ni mtu mzuri, lakini..." Kila mmoja akaimalizia moyoni alivyotaka. Kisha nikaandika kwenye daftari la jumuiya, chini ya mengineyo, kwamba tumehimizana kushiriki uchaguzi, na wakaomba nitumie orodha ile ile ya mahudhurio kuwakumbusha watu siku ikifika. Niliitumia. Nilipita nyumba kwa nyumba na daftari la sala mkononi.

Jumapili yake paroko alihubiri juu ya dhamiri. Alihubiri vizuri sana, sina la kumlaumu. Alisema dhamiri ni chumba cha ndani ambamo mtu yuko peke yake na Mungu wake. Baba alikuwa kando yangu akitikisa kichwa kukubali, nami nikatikisa, ingawa yeye hakuweza kuniona. Tulipotoka nje, kabla hatujafika kwenye mti wa kuegeshea baiskeli, watu walikuwa wameshaanza tena habari ya mwenzetu.

Kwetu anayepita ndani ya chama ndiye mwenyekiti. Uchaguzi wenyewe baadaye ni wa kukamilisha. Kura zile za chama zilipigwa Jumamosi asubuhi, uwanja wa shule niliyokuwa nikifundisha. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, watoto walikuwa wakiwakimbiza kwenye majani, na wanawake wengine walikuja na vikapu kabisa ili muda usipotee. Karatasi za kupigia hazikutosha. Msimamizi aliyetoka kata, kijana mwenye miwani, akasema basi tutapanga mistari. Wagombea wawili wasimame mbele, wawape watu mgongo ili mtu asiogope kutazamwa, na kila mwanachama asimame nyuma ya amtakaye.

Nilimwongoza baba. Nilimbonyeza bega la kushoto, tukasimama nyuma ya mchinjaji wetu, baba mbele yangu na mimi nyuma yake, mkono begani. Katika mstari ule walikuwemo Waislamu wachache tulionao, Walutheri kadhaa, wakulima waliowahi kugombana na mwenyekiti wa zamani, na Wakatoliki wachache mno. Nyuma yangu alisimama mke wa mchinjaji, mwanamke mrefu aliyeolewa kutoka Kimwani. Tulisalimiana. Sikuwa na hofu yoyote bado. Nilijiona hata mtu mwema, na nadhani nilinyoosha shingo.

Msimamizi akahesabu. Sawa kwa sawa. Watu wakacheka, akahesabu tena kutoka nyuma kwenda mbele, ikawa sawa kwa sawa. Akasema anatupa dakika kumi. Anayetaka kubadilisha mawazo abadilishe, kisha wagombea watageuka wahakikishe hesabu kwa macho yao wenyewe, na hapo itakuwa mwisho.

Kwenye dakika hizo kumi yule mama wa jumuiya alitoka kwenye mstari wake akanijia. Alikuwa na kikapu cha senene kifuani. Hakunitukana. Alisimama karibu akazungumza kwa Kihaya, sauti ya chini, baba asisikie.

"Katibu, huku ni wapi?"

"Niko na mzee," nilisema.

"Mzee ni mzee, hakuna anayemdai. Wewe ndiye uliyetupitia na daftari." Alimtazama baba kichwani mpaka miguuni, na nikaona macho yake yakilainika kweli kweli. "Mzee ana siku ngapi, mwanangu? Siku hiyo ikija, nani atakuja kulala kwako? Hawa?"

Akarudi kwenye nafasi yake.

Mtu wa mbali anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Kwetu mtu anaweza kukosa kila kitu akavumilia, lakini msiba wenye uwanja mtupu ni aibu inayobaki kwenye kibanja, inasimuliwa na wajukuu. Niliwaza jeneza la baba, mtu aliyewafundisha sala nusu ya watu wa pale, likiwa limewekwa sebuleni na mimi peke yangu na nyasi mpya zisizokanyagwa. Niliona picha hiyo yote mara moja. Sitasema nilihama kwa ajili ya baba. Nilijiambia hivyo kwa miaka, na ni uongo wenye ukweli kidogo ndani yake, ambao ndio mbaya zaidi. Niliogopa, basi. Na ndani ya hofu ile, kama ni kuungama niungame yote, kulikuwa na lile "lakini" langu la wiki iliyopita. Kama mchinjaji angekuwa na ngozi yangu na jina la mtakatifu, nadhani ningebaki.

Niliuondoa mkono wangu begani kwa baba. Niliuondoa polepole, kama mama anavyomtoka mtoto aliyesinzia. Mke wa mchinjaji aliona. Alinitazama mara moja, akapiga hatua moja mbele na kuweka mkono wake pale pale ulipokuwa wangu. Baba hakugeuka. Nikatembea kwenda mstari wa pili, hatua kumi na tano labda, majani yakiwa yamelowa na senene wakirukaruka mbele ya miguu yangu.

Nilipofika na kusimama, msimamizi alikuwa akiwaambia wagombea wageuke.

Mchinjaji aligeuka. Kwanza alimtafuta baba, akampata, kisha akatafuta nyuma ya baba. Halafu macho yake yakavuka uwanja yakanipata. Hayakuwa na hasira. Ningependa sana yangekuwa nayo.

Mstari wetu ulizidi kwa watu wawili. Mimi ni mwalimu wa hesabu na nilijua kabla ya msimamizi kumaliza. Ukitoa mmoja huku ukamwongeza kule, wawili wanatokea. Hakuna mwingine aliyehama.

Watu walipoanza kupiga vigelegele nilikimbia nikarudi kwa baba. Mke wa mchinjaji aliuondoa mkono wake nikaweka wangu, nasi tukashika njia ya nyumbani. Baba alikuwa na huzuni, lakini alikuwa ametulia. Karibu na kisima alisema, "Tumeshindwa, lakini tulisimama." Na baada ya kitambo akaongeza, "Leo ulinishika vizuri. Hukutetemeka hata kidogo."

Tangu siku hiyo nilianza kumlinda baba dhidi ya wageni. Alikuwa na hadithi mpya na alimpa kila aliyeingia: jinsi Mwarabu wetu alivyoonewa, na jinsi yeye na mimi binti yake tulivyosimama naye mpaka mwisho. Watu wa jumuiya walisikiliza wakitazama vikombe. Mmoja aliwahi kutabasamu, nikamchukia mpaka leo. Mgeni akija nilikaa pale pale, sikwenda jikoni, chai niliichemsha mapema ikakaa kwenye chupa, ili asipatikane mtu wa kumwambia baba nikiwa sipo. Nilikuwa na umri wa kuwa bibi, na bado niliogopa kusemewa kwa baba kama mtoto aliyevunja chungu.

Mwenzetu alipewa muhuri. Hakuwa mtu mbaya, nilishasema, hakuwa chochote. Binti wa mchinjaji alimwendea kuhusu barua yake, akaambiwa asubiri, watu wa juu wanataka uhakika kuhusu watu wenye asili ya nje. Akaenda tena, akaambiwa hivyo hivyo. Nafasi ya chuo haikumsubiri. Alikwenda Kimwani kwa ndugu za mama yake kuwasaidia kulima, na mama yake aliendelea kunisalimia kisimani kama zamani, habari za mzee, habari za mgongo wako. Nilimfundisha mtoto huyo kuzidisha na kugawanya. Alikuwa akiandika tarakimu zake kubwa, zilizonyooka, asizotaka kuzifuta hata akikosea.

Niliungama. Padre alinipa sala za kitubio, kisha akasema kitubio chenyewe ni kwenda kwa mtu yule na kwa baba yangu niwaambie kwa kinywa changu. Nyumba ya mchinjaji iko mashamba mawili kutoka kwetu. Nilisali rozari nzima kila siku kwa mwezi mzima badala ya kutembea mashamba hayo mawili. Na baba alikuwa chumba cha pili.

Mwaka uliofuata baba alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Tulikaa Bukoba hospitalini wiki moja na nusu. Kutoka kitandani mwake ungeweza kuliona ziwa, na kila asubuhi mgonjwa wa kitanda cha pili alimsimulia lilivyo. Mwishowe baba akasema anashukuru kwa maji yote hayo, lakini sasa anataka kusikia migomba. Daktari hakupinga. Tukamrudisha Kishanda, tukamlaza chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi upande wa shamba.

Siku moja mchana alisema niende nikamwite mchinjaji. Nilituma mtu. Nilikuwa bado sina miguu ya kufika kule. Mchinjaji alikuja, akanisalimia mlangoni, akavua viatu, akaingia. Baba akaniambia nikampikie uji, nikaelewa kwamba nafukuzwa. Nilikaa jikoni nikikoroga uji ulioiva zamani. Sauti zao zilikuwa chini. Mara moja nilisikia kitu kama kilio, nikasimama, kisha kukawa kimya. Mchinjaji alipotoka, alipita jikoni akaniaga, akasema mzee amechoka, mwache alale.

Nilimpelekea uji. Macho yake yasiyoona yalikuwa yamelowa, lakini ya wazee hulowa hovyo.

"Keti, mwanangu," alisema. Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Nataka unisamehe."

"Kwa lipi tena, tata?"

"Nilikufikiria vibaya. Mtu aliniletea neno, nikalibeba siku nyingi bila kukuuliza. Baba hafai kufanya hivyo. Nisamehe."

Nilikuwa nikimpapasa miguu kuona kama uvimbe umepungua. Nilidhani ni yale maneno ya wagonjwa, kwamba mtu akikaribia kuondoka anaomba radhi kwa kila kitu, hata kwa mvua iliyonyesha. Sikutaka aseme zaidi. Labda mahali fulani ndani nilijua, ndiyo maana niliharakisha.

"Nimekusamehe, tata," nilisema. "Kunywa uji."

Akanywa. Alinywa wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi. Alifariki siku ya tatu, asubuhi, nikiwa nimetoka kuanika shuka zake.

Msiba wake ulijaa. Ulijaa mpaka watu wakakaa ndani ya migomba. Jumuiya nzima ililala kwetu, na yule mama mwenyekiti alianzisha nyimbo mpaka sauti ikamkauka, akaniletea maji ya kuoga akanisukuma niingie nioge kama mtoto. Nilipata kila nilichokuwa nimenunua pale uwanjani, na kwa kipimo kizuri. Mchinjaji na mkewe nao walikuwepo tangu siku ya kwanza. Yeye alichimba kaburi pamoja na wengine. Alisimama nyuma wakati wa misa, mikono mbele, kama alivyosimama siku zote kwenye misa zetu.

Leo naishi Rwamishenye, mjini Bukoba, kwa mdogo wangu. Nyumba ya Kishanda inatunzwa na mtoto wa baba mdogo. Hapa mtaani tuna majirani Waislamu pande zote mbili, na ukifika wakati wa uchaguzi watu hunijia, mwalimu, wewe unaonaje kuhusu fulani, si ni mwenzetu? Nawauliza mwenzetu katika lipi. Wananiona bibi mkali. Nimepiga kura mara kadhaa tangu hapo, ndani ya kibanda, peke yangu na karatasi na kalamu iliyofungwa kamba, na hakuna aliyekuja na kikapu kunitazama. Ni rahisi mno. Kila mara hutoka pale nikiwa na huzuni, kwa sababu ule wema wa kibandani haumfikii mtu ambaye nilimkosea siku ile mbele ya macho ya wote.

Lakini sijamaliza habari ya ng'ombe wa baba. Siku ya kuanua matanga, mjomba aliuliza nani wa kuchinja, wazee wakatazamana, kwa maana wote walijua. Hakuna aliyetaka kutumwa. Tukiwa bado tunazungumza alitokea kwenye njia ya migomba, kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa kile kile cha siku zote. Hakuwa ameitwa. Alimsalimia mjomba, akamshika yule dume pembe, wanaume wakasaidia kumlaza, naye akamzungusha kidogo kidogo mpaka kichwa kikaelekea Bukoba. Nikasikia mtu fulani akirudia ule utani wa baba na watu wakacheka, wakikumbuka, na wengine wakaanza kulia. Alisema bismillahi yake, akamaliza kazi kwa mkono mmoja tu wa haraka.

Nilichukua jagi na beseni nikampelekea maji ya kunawa nyuma ya jiko. Tulikuwa wawili. Nilimimina, akanawa.

"Kaka," nilisema, "ile siku ya mstari."

"Imepita, mwalimu."

"Haijapita."

Aliendelea kusugua vidole, kimoja kimoja, damu ikitoka rangi ya chai kwenye beseni.

"Mzee aliniita kuniuliza habari hiyo," alisema. "Mtu alikuwa amemwambia kwamba ulihama, na kwamba mkono uliokuwa begani kwake ulikuwa wa mke wangu. Alikuwa amekaa na neno hilo muda mrefu. Aliniambia, wewe uligeuka, wewe uliona, niambie."

Niliacha kumimina. "Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ulikuwa nyuma yake mpaka mwisho. Hakuniamini. Nikaapa."

"Uliapa?"

"Waitu, ndugu yangu, ningefanyaje? Mtu anakufa. Nikaapa kwa Mungu, ndipo akaniamini. Akalia sana yule mzee. Akasema amekukosea wewe mtoto wake, atakuomba radhi." Aliinua macho akanitazama kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa shule. "Alikuomba?"

"Aliniomba."

"Ukamsamehe?"

Uani walikuwa wakiita walete majani ya migomba ya kuwekea nyama.

"Nilimsamehe," nilisema.

"Basi," alisema, na akanyoosha tena mikono yake nimmiminie maji.